Mbili bila, kisha tatu mbili: kisa cha tawi moja la mashabiki Arusha

Majina ya watu na ya timu zote mbili yameondolewa, na ligi na msimu sivitaji. Nilikuwa na tawi hili jukwaani siku ya mechi ya mpira wa miguu ambayo timu yao iliongoza mbili bila ikaishia kufungwa tatu mbili, na nilikaa nao kwenye vikao vilivyofuata. Nawaandikia viongozi wa matawi na mashabiki wanaotaka neno lao lifike kwenye benchi la ufundi na lisikilizwe. Mashabiki wetu wana macho makali na kumbukumbu nzuri. Tatizo ni kwamba hasira huwahi kufika kwa uongozi kabla ya hoja, na hoja ikija baadaye inakuta mlango umeshafungwa.

Usuli

Tawi lina wanachama kama arobaini, wengi wao wa Ngarenaro, Unga Limited na Kaloleni. Ni madereva wa daladala na bodaboda, wauza mitumba wa Kilombero, mafundi wa kuchomelea na vijana wachache wa chuo. Yumo pia mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, ambaye enzi zake alicheza timu ya mkoa. Timu yao iko kwenye moja ya ligi zilizo chini ya Ligi Kuu na haina mdhamini wa maana. Mechi za ugenini tawi hukodi Coaster kwa michango, na mara kadhaa limenunua maji ya wachezaji. Msimu huo lilikuwa limeshamlipia kiungo mmoja matibabu ya kifundo cha mguu. Watu hawa wakiongea juu ya timu, wanaongea kama wenye mali.

Mechi ilikuwa ya mzunguko wa pili. Timu ilikuwa inapumulia mashine karibu na mkia wa msimamo, na wageni walikuwa wametoka Pwani wakiwa nafasi za katikati. Uwanja ni Sheikh Amri Abeid.

Kabla ya mechi kila mtu alikuwa na hesabu moja kichwani: wageni watachoka. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mashabiki wa hapa wamekua wakiambiwa kwamba mtu wa Pwani akifika dakika ya 60 mapafu yanagoma. Ni kweli asiyeizoea hewa ya mwinuko huumia kidogo, lakini mwinuko wetu si wa kumwangusha mwanamichezo aliyefanya mazoezi. FIFA ilipozuia mechi za kimataifa za milimani mwaka 2007, mstari iliouchora mwanzoni ulikuwa mita 2,500, na zuio hilo liliondolewa mwaka uliofuata. Nalitaja hili mapema kwa sababu imani hiyo iliwafanya watu wasione kilichokuwa kinatokea uwanjani. Timu iliyokwisha pumzi siku ile ilikuwa ya nyumbani.

Dakika tisini zilivyokwenda

Wenyeji walianza na 4-4-2 (mabeki wanne, viungo wanne, washambuliaji wawili), washambuliaji hao wakiwakimbiza mabeki wa wageni hadi ndani ya boksi lao. Dakika ya 14 beki wa kati akapiga kichwa cha kona, moja bila. Dakika ya 33 winga wa kulia akapiga krosi ya chini na namba tisa, kipenzi cha jukwaa, akaisukuma wavuni. Mapumziko mbili bila, ngoma na tarumbeta hazisikilizani.

Kipindi cha pili wageni walirudi na mabadiliko moja. Walimtoa mshambuliaji mmoja kati ya wawili, wakaingiza kiungo wa mguu wa kushoto aliyekuwa anazurura nyuma ya mshambuliaji aliyebaki, mbele ya mabeki wetu na nyuma ya viungo wetu. Jukwaani tulicheka. Timu iko nyuma mbili bila, inatoa straika?

Dakika ya 58 huyohuyo kiungo akapokea mpira katikati akiwa peke yake, akageuka bila kuguswa, akamtilia winga, krosi ya kurudi nyuma, goli. Mbili moja.

Dakika ya 63 kocha wetu akamtoa namba tisa na kuingiza kiungo mkabaji. Hapo ndipo jukwaa lilipogeuka. Chupa za maji zilirushwa, ngoma ikanyamaza, na kwa dakika kadhaa watu walikuwa wanaangalia benchi badala ya kuangalia mpira. Dakika ya 71 winga wa kushoto alikaa chini kwa kukakamaa misuli, akatolewa. Dakika ya 76 beki wa kulia, aliyekuwa na kadi ya njano na anayevuta miguu, akatolewa na kuingizwa kijana wa miaka 19.

Dakika ya 79 kona ya wageni ilipigwa kuelekea nguzo ya goli iliyo karibu. Hakukuwa na mtu wetu pale. Mbili mbili. Dakika ya 84 beki wa kati wa kushoto aliumia goti, akatibiwa, akarudi akichechemea na kumalizia mechi hivyohivyo. Dakika ya pili ya nyongeza, mpira mrefu ukapigwa upande wake, akashindwa kugeuka na mshambuliaji wa wageni akamalizia kazi. Tatu mbili.

Jioni ile

Kijiwe chao cha kahawa kiko Ngarenaro, mwendo wa miguu kutoka uwanjani. Kwa kawaida baada ya mechi huwa ni utani, kahawa chungu na kashata. Siku ile watu walifika wamesimama na hawakutaka kukaa.

Mashtaka yalikuwa matatu na yote yalimwangukia kocha. La kwanza, kamtoa straika tukiwa tunaongoza, kapaki basi nyumbani, yaani kajaza watu nyuma kulinda goli. La pili, kamaliza mechi na sabu (nafasi za kubadilisha mchezaji) mbili mfukoni huku beki anachechemea mbele ya macho yake. La tatu, lililosemwa kwa sauti ya chini na baadaye kwa sauti kubwa: kauza mechi.

“Mwenyekiti, andika barua sasa hivi. Kesho asubuhi iwe mezani kwa Katibu. Kocha aondoke, na mpaka aondoke hakuna mchango hata wa mia.”

Jambo jingine lilikuwepo mezani bila kutajwa. Vijana kadhaa walikuwa wamebeti, na wakati wa mapumziko mikeka yao ilikuwa bado hai, mmoja akiwa amebakiza mechi hiyo tu. Mkeka uliochanika dakika ya pili ya nyongeza unauma kwa namna yake, na mtu mwenye maumivu hayo akisema kocha kauza mechi, anazungumzia pia hela yake. Siwalaumu kwa kuumia. Ila kiongozi wa tawi anayesikiliza maneno ya jioni ya namna hiyo ajue anasikiliza hasara za aina mbili kwa mkupuo mmoja.

Maamuzi ya Mwenyekiti na sababu zake

Mwenyekiti ni fundi wa kuchomelea, mtu wa maneno machache. Alikataa kuandika barua usiku ule. Alisema barua itaandikwa, hilo asibishiwe, ila itaandikwa Jumanne, na atakayekuja Jumanne aje na kitu alichokiona kwa macho yake. Alikuwa na sababu mbili, alizonieleza baadaye. Miaka ya nyuma tawi lilishaandika barua ya kutaka kocha afukuzwe usiku wa kipigo, na uongozi uliiweka kwenye droo bila kujibu. Tena tuhuma ya kuuza mechi si neno la kijiweni: ukiliandika kwenye karatasi yenye muhuri wa tawi unaweza kuulizwa ushahidi, na ushahidi hawakuwa nao.

Uamuzi wa pili ulikuwa kukusanya video. Kijana mmoja alikuwa amerekodi sehemu kubwa ya kipindi cha pili akiwa jukwaa la pembeni, mpaka simu ilipoisha chaji, na mwingine alikuwa na vipande vya nyuma ya goli. Mwenyekiti aliwaomba wavitume kwenye grupu la tawi ili kila mtu avione kabla ya Jumanne. Nitarudi kwenye uamuzi huu, kwa sababu ulileta faida na ukaleta balaa.

Uamuzi wa tatu ulitoka kwa Mwalimu mstaafu. Aliomba Jumanne pasitajwe jina la mchezaji wala la kocha mpaka kwanza ielezwe, kwa kila goli, mpira ulikuwa wapi pasi tano kabla. “Goli mnaliona wote,” alisema. “Niambieni lilizaliwa wapi.”

Jumanne: vizibo mezani

Walikuja kumi na wengine kadhaa, pungufu ya nusu ya waliopiga kelele Jumamosi. Simu yenye kioo kilichopasuka kona iliegemezwa kwenye birika la kahawa, vichwa vikainama. Mwalimu alikuwa ameomba vizibo vya soda kwa muuza duka wa jirani, vyekundu kwa wenyeji na vya njano kwa wageni, akavipanga juu ya meza ya mbao.

Alianza na kipindi cha kwanza. Viungo wawili wa kati vyekundu, viungo wawili wa kati vya njano, kila mmoja na mtu wake. Kisha akatoa kizibo kimoja cha njano mbele na kukirudisha nyuma ya viungo wetu.

“Huyu nani anamkaba?”

Dereva mmoja wa daladala akasema beki wa kati. Mwalimu akakisogeza kizibo cha beki mbele, na nyuma yake pakabaki shimo ambalo mshambuliaji wa njano angelipenda. Mwingine akasema kiungo arudi. Mwalimu akamrudisha kiungo mmoja, na kiungo wa njano aliyeachwa akabaki huru na mpira miguuni, uso kwa uso na safu yetu. Watu walinyamaza. Wawili hawawezi kuwakaba watatu, hata wawe na moyo wa namna gani. Na washambuliaji wetu wawili, ambao kipindi cha kwanza walikuwa wanarudi kusaidia, walikuwa wamekwisha kwa kukimbiza mabeki dakika 45 nzima.

Wakairudia video kuanzia mwanzo wa kipindi cha pili. Sasa kwa kuwa walijua cha kutafuta, walikiona kila mahali. Kiungo yule wa mguu wa kushoto alikuwa anapokea peke yake katika karibu kila shambulizi la wageni kabla ya goli la dakika ya 58. Kisha wakaangalia kutoka dakika ya 63, baada ya namba tisa kutoka na mkabaji kuingia. Hadi kona ya dakika ya 79 alipokea mpira akiwa huru mara mbili tu, na mara zote mbili alilazimika kurudisha mpira nyuma.

Kwa maneno mengine, sabu iliyowafanya watu warushe chupa ndiyo iliyoziba tundu. Kosa lake ni kuchelewa. Tundu lilionekana tangu dakika za kwanza za kipindi cha pili na liliachwa wazi mpaka lilipozaa goli.

Kijana mwenye jezi ya Liverpool hakukubali. Timu inayoongoza nyumbani haitoi mshambuliaji, hiyo ni woga. Mwalimu akamjibu kwa swali:

“Mwanangu, wageni wakiwa nyuma mbili bila walitoa nani?”

“Straika.”

“Mbona hatusemi walipaki basi?”

Kisha akamkumbusha timu yake mwenyewe. Fainali ya Ligi ya Mabingwa, Istanbul, Mei 2005: mpaka mapumziko Milan walikuwa wanaongoza tatu bila. Kocha wa Liverpool, Rafael Benítez, alipotaka kuirudisha timu mchezoni, mtu aliyemwingiza kuanza kipindi cha pili alikuwa Dietmar Hamann, kiungo mkabaji, na aliyetoka ni beki, Steve Finnan. Magoli matatu yalikuja kati ya dakika ya 54 na ya 60. Hamann hakufunga hata moja. Alichofanya ni kumnyima Kaká, kiungo mshambuliaji wa Milan, nafasi na kumwachia nahodha wa Liverpool, Steven Gerrard, uhuru wa kupanda. Idadi ya washambuliaji walioko uwanjani haikuonyeshi timu inashambulia au inajilinda. Inabidi uangalie nani anashika katikati.

Muuza mitumba mmoja akaleta mfano wa karibu zaidi, Taifa Stars na Zambia kwenye AFCON, Januari 2024. Simon Msuva katufungia mapema, Zambia wakabaki kumi kabla ya mapumziko, na bado kichwa cha Patson Daka kikatunyang'anya pointi mbili dakika ya 88. Alitaka kuonyesha kwamba kurudi nyuma ni ugonjwa wetu wa kitaifa. Mazungumzo yalielekea huko kwa muda mrefu kuliko yalivyostahili, maana kila Mtanzania ana kidonda chake kuhusu mechi ile. Lakini palipatikana tofauti yenye maana. Mtu anaweza kurudi nyuma kwa hofu, safu zote zikasogea golini bila mtu wa kumbana mwenye mpira. Anaweza pia kuongeza mtu katikati ili timu ikae pale ilipo. Video ya dakika ya 63 hadi 79 ilionyesha la pili.

Sabu mbili zilizobaki

Hapa ndipo kikao kilipokuwa na thamani kubwa zaidi kwa maoni yangu, kwa sababu shtaka la pili lilikuwa na kweli ndani yake lakini lilikuwa limekaa vibaya.

Kijana wa chuo, aliyewahi kusoma kozi ya awali ya waamuzi wa mpira, ndiye aliyelifungua. Sabu tano zilianza kama ruhusa ya muda mwaka 2020 wakati wa korona, na mwaka 2022 zikaingizwa moja kwa moja kwenye sheria za mchezo. Watu wengi wanaijua tano na kuisahau sharti inayoambatana nayo: timu ina nafasi tatu tu za kusimamisha mchezo ili kufanya mabadiliko, ukiacha mapumziko ambayo hayahesabiwi. Kocha wetu alifanya mabadiliko dakika ya 63, ya 71 na ya 76, mtu mmoja kila mara. Nafasi zikaisha. Beki alipoumia dakika ya 84, zile sabu mbili hazikuwa mfukoni mwa kocha. Zilikuwa zimeshakufa.

Kumlaumu kwa kutomtoa majeruhi lilikuwa kosa, maana asingeruhusiwa. La kumuuliza ni kwa nini dakika ya 71, winga alipotoka, hakumtoa kwa pamoja na beki wa kulia ambaye jukwaa zima lilimwona akivuta miguu. Kwa kuwatenganisha kwa dakika tano alichoma nafasi yake ya mwisho mwanzoni tu mwa robo saa ya mwisho, na hakubakiza chochote cha dharura.

Swali hilo likaunganika na goli la pili. Kijana wa miaka 19 aliingia dakika ya 76, kona ikapigwa dakika ya 79. Video ya nyuma ya goli ilionyesha kwamba beki aliyetoka ndiye aliyekuwa anasimama nguzo ya karibu kwenye kila kona ya kipindi cha kwanza. Kijana alisimama mita chache kutoka pale, akimtazama mtu wake. Timu ilikuwa inakaba kwa nafasi, kila mmoja akilinda eneo lake, na yeye alikuwa anakaba mtu. Aidha hakuambiwa, aidha aliambiwa katika kelele za jukwaa lililokuwa linamzomea kocha na hakusikia. Hakuna aliyekuwa kwenye meza ile aliyeweza kujua.

Klipu iliyotoka nje

Kabla kikao cha Jumanne hakijaanza, kipande cha video cha dakika ya 79 kilikuwa kimeshatoka kwenye grupu la tawi. Mtu alikikata, akamchorea yule kijana duara jekundu, akaweka maneno ya kejeli na kukisambaza. Kufikia Jumatatu jioni kilikuwa kimeshapita kwenye simu za nusu ya mtaa wao.

Kijana huyo anatoka Unga Limited na anaishi na bibi yake. Alitukanwa akiwa dukani, na wapo waliompigia simu usiku. Hakwenda mazoezini kwa siku kadhaa, na nahodha ndiye aliyemfuata nyumbani. Mimi huliona jambo hili kuwa zito kuliko pointi tatu zilizopotea. Tawi lilikuwa linamlipia mchezaji mmoja matibabu kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine likamtoa mwenzake kafara, tena kwa kosa ambalo Jumanne ilionekana huenda si lake.

Mwenyekiti na Mwalimu walikwenda kwa bibi. Mwalimu aliniambia kwamba walikaribishwa chai, wakasalimia, wakaomba radhi kwa niaba ya tawi, na bibi akawauliza swali moja tu: nani kati yao angependa mjukuu wake arekodiwe akiwa kazini. Aliyesambaza klipu hakujulikana kwa hakika, ingawa wengi walikuwa na jina vichwani.

Barua na majibu

Barua iliandikwa Jumatano, ukurasa mmoja. Haikudai mtu afukuzwe na haikugusa suala la kuuza mechi. Iliuliza mambo matatu: kwa nini wageni walipoongeza kiungo wa tatu ilichukua zaidi ya robo saa kujibu, mpangilio wa sabu ukoje ili nafasi ya mwisho isitumike mapema, na mchezaji anayeingia hupewaje jukumu lake la kona kabla hajakanyaga uwanja. Mwishoni tawi liliomba radhi kwa klipu na kutamka kwamba michango inaendelea.

Suala la michango lilileta mgawanyiko. Wanachama saba walijitoa, wakisema tawi limenunuliwa na uongozi. Hadi naandika haya hawajarudi.

Majibu yalikuja baada ya kama wiki mbili, kwa mdomo. Kocha alikuja mwenyewe kijiweni akiwa na msaidizi wake. Alikubali la sabu bila kuzunguka, akisema hakutaka kuharakisha la beki. La kuchelewa alilijibu nusu: alikuwa ametuma maelekezo wakati wa dakika za mwanzo za kipindi cha pili ili mshambuliaji mmoja arudi katikati, maelekezo hayakutekelezwa, na alisubiri kuona kama yatatekelezwa. La kona alisema ni jambo la ndani na hakulijibu. Mashabiki hawakuridhika na hilo, na wana haki.

Katika mechi zilizofuata niliona mabadiliko mawili. Sabu zilianza kufanywa mbilimbili, na mchezaji anayeingia alikuwa anaonyeshwa karatasi na msaidizi kabla ya kuvuka mstari. Timu ilibaki kwenye daraja lake. Sitasema ni kwa sababu ya barua, maana timu nyingine mkiani zilifungwa mfululizo, na hilo lilisaidia kuliko chochote.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ya vyote ni sharti la pasi tano kabla ya goli. Lilibadilisha swali kutoka kwa nani kaharibu kwenda kwa wapi palifunguka, na swali la pili lina majibu ambayo watu kumi wanaweza kuyaona kwa pamoja kwenye simu moja. Sharti hilo halihitaji elimu ya ukocha. Dereva wa daladala, ambaye Jumamosi alikuwa wa kwanza kudai kocha aondoke, ndiye aliyeandika swali la kwanza la barua.

Kuahirisha barua kulisaidia, lakini kuna gharama yake. Zaidi ya nusu ya wanachama hawakuja Jumanne, na wale saba waliojitoa wote walikuwa miongoni mwa wasiokuja. Walikuta uamuzi umefanyika kwa mantiki ambayo hawakuishiriki. Mwenyekiti angeweza kuwapigia watu watano au sita wenye sauti kubwa na kuwataka waje. Hakufanya hivyo, na nadhani kwa sehemu alifarijika kwamba hawapo. Kikao cha watulivu peke yao kinatoa barua nzuri, ila tawi linabaki na nyufa.

Video iliponya na kujeruhi. Iliponya kwa sababu kumbukumbu ya jukwaani hudanganya: kila mtu aliapa kwamba baada ya namba tisa kutoka wageni walitushambulia mfululizo, na video ikaonyesha kinyume. Hisia ya kushambuliwa ilitokana na ngoma kunyamaza. Ilijeruhi kwa sababu ilitumwa kwenye grupu la watu arobaini bila masharti yoyote. Ingetosha vipande vibaki kwenye simu mbili zilizorekodi na kuangaliwa pale mezani.

Video yenyewe pia ilikuwa na upofu wake. Simu hufuata mpira. Mpira ukiwa kwa wageni nyuma, hatukuona safu yetu ya ulinzi imesimama wapi, na kwa hiyo hatujui kama mabeki wetu walishuka mno na kuacha lile pengo, au viungo walipanda mno. Vizibo vya Mwalimu vilichukulia ni idadi tu, wawili dhidi ya watatu. Inawezekana umbali kati ya safu ulikuwa tatizo kubwa kuliko idadi, na kwamba wawili waliokaa karibu na mabeki wao wangemudu. Kocha aliligusia hilo alipokuja, na hakuna aliyekuwa na picha ya kumthibitishia wala kumpinga. Ndiyo maana sasa tawi humweka kijana mmoja juu kabisa ya jukwaa, mahali pa kuona upana wote wa uwanja, akiwa ameegemeza simu kwenye chuma na maagizo ya kutoisogeza mpira uende wapi. Chaji ya akiba huchangiwa pamoja na nauli.